Ubani wa Mwenye Benki

Tangu Bi Mwanahawa anunue hisa, mtaa wa Cheyo haukupata raha. Mshona kofia huyu alisikia redioni kwamba benki moja ya biashara inawauzia wananchi hisa zake kupitia soko la hisa, ipate mtaji wa kukua. Akaenda, akanunua. Kidogo, lakini chake. Kuanzia hapo, kila akipita mbele ya tawi lazima asimame aangalie kama vioo vimefutwa.

Kaka yake Nurdini, mwenye duka la vitambaa, alicheka mpaka machozi. "We Mwanahawa, umenunua upepo. Mwenye mali huifukiza mali yake. Nenda kaifukize hiyo benki tuone."

Jamani, Mwanahawa haambiwi maneno kama hayo. Mjini kwao watu hawafungui hata genge la nyanya bila ubani na dua, na yeye akaona kweli kachelewa. Jumatatu asubuhi akatia makaa kwenye chetezo, akajitanda kanga mpya, huyo! Moyo unamdunda kwa furaha utadhani anakwenda harusini. Nurdini nyuma yake, hataki kupitwa. Lakini njiani hofu ikamwingia: wakimrudisha, Cheyo nzima itasema alinunua upepo.

Mlangoni Ambrosi, mlinzi, akamzuia. "Mama, moto hauingii benki."

"Hata wa mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Mimi. Nina hisa humu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nurdini akajifanya anasoma simu. Uso ulimwaka Mwanahawa kuliko yale makaa, ila kurudi nyuma hakurudi.

Meneja, dada mmoja aitwaye Koleta, akatoka kuona kulikoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kufukiza mali yangu."

Koleta hakucheka. "Ndani siwezi kukuruhusu, mama. Moshi ukipanda, king'ora kitalia mpaka polisi waje. Na hisa hazikupi funguo. Zinakupa kura kwenye mkutano, na gawio faida ikipatikana. Ila kwamba wewe ni mmoja wa wenye benki hii, hilo ni kweli." Akamgeukia mlinzi. "Ambrosi, mpishe mama afukize hapa mlangoni."

Foleni ikatoa njia. Mwanahawa akazungusha chetezo, anasoma dua. Alitamani kupiga kigelegele, akajizuia, maana mwenye benki hana budi kuwa na heshima zake. Wapi! Kilimtoka kigelegele kikasikika mpaka sokoni.

Nurdini naye akasogea mbele, kifua nje. Ambrosi akamwonyesha mwisho wa foleni.

"Mimi sipangi foleni hapa," akasema Nurdini. "Benki hii ni ya dada yangu."

Mwanahawa akakabidhi chetezo kwa mlinzi, akamshika kaka yake mkono, akampeleka nyuma kabisa yeye mwenyewe.

"Panga foleni, kaka," akamwambia taratibu. "Usiniharibie benki yangu."