Maji ya Kona ya Pili

Kona ya pili ilikuwa imelowa.

Mvua hatukuwa tumeiona tangu Julai ianze. Nyasi za mji wetu mzima, Borzyn, zilikuwa zimekauka, ukizikanyaga zinavunjika. Lakini asubuhi ile, pale konani, nilikandamiza kisigino cha buti na kikazama kama kwenye uji.

"Nani kamwaga?" akauliza Lucjan, mwenzangu wa kufufua uwanja.

Hilo ndilo swali letu. Katika mji wa spidiwei, njia ikiwa na maji mahali yasipotakiwa, hakuna anayeuliza kwa nini. Watu wanauliza nani.

Kwa msiojua, nitaeleza mara moja, sipendi kuzunguka.

Pikipiki nne, mizunguko minne, juu ya udongo. Hazina breki. Zinapinda kushoto tu, na dereva anaburuta buti lenye soli ya chuma. Huku kwetu Poland, kwa mji mdogo kama wetu, hiyo ndiyo Jumapili: asubuhi kanisani, mchana supu, alasiri uwanjani unatafuna mbegu za alizeti na kumtemea jirani maganda.

Na maji ni ujanja wa wenyeji. Mtunza njia analowesha hapa, anakausha pale, ili wageni wateleze na vijana wetu wapite. Kila klabu inafanya. Kila klabu inakana.

Mtunza njia wa Borzyn alikuwa baba yangu, Bogumił.

Miaka mingi iliyopita, siku Radek, dereva wetu kijana, alipokufa kwenye kona ya pili, mpira wa maji ulikuwa mikononi mwa baba.

Nilikuwepo. Mji mzima ulikuwepo, siku hiyo tulishindana na klabu ya mji wa jirani na hata duka la mikate lilifungwa. Gurudumu la nyuma lilikuta mahali laini, likang'ata, pikipiki ikasimama wima na kumrusha kijana kwenye uzio. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mama yake akashuka jukwaani. Akampita daktari, akampita kasisi, akaenda moja kwa moja kwa baba yangu.

"Umemmwagia mwanangu maji, Bogumił."

Akamtemea mate usoni.

Baba hakujifuta. Kweli alikuwa amemwagilia kona ile, kwa amri ya klabu, kama kila Jumapili. Akaamini kwamba safari hii alizidisha. Klabu nayo iliona afadhali aamini hivyo.

Uwanja ukafungwa. Miti ikaota kwenye njia. Baba akaenda kukaa kimya nyumbani, na tangu siku ile hakushika tena mpira wa maji. Hata nyanya zake mwenyewe alikuwa hamwagilii. Mama ndiye aliyezimwagilia, na mama alipofariki, nikazimwagilia mimi.

Sasa mnajua kwa nini maji yale hayakunifurahisha.

Kufufua uwanja hakukuwa wazo langu. Lilikuwa la binti yangu Kalina, aliyeanza kupanda pikipiki kwenye klabu ya mji wa mbali bila kuniomba ruhusa. Nilipiga kelele, nikalia, kisha nikafikiri kama mtu mzima. Kama ni lazima apande, basi apande kwenye njia niliyoikagua mwenyewe.

Lucjan, fundi wa pikipiki wa klabu ya zamani, akakusanya watu. Meya akatupa sharti. Mkaguzi wa shirikisho aje kabla Agosti haijaisha. Akipitisha njia, halmashauri inatuachia uwanja. Asipopitisha, unauzwa yajengwe maghala.

Mnunuzi alikuwa na haraka zake. Tayari alikuwa ameshachomeka vigingi vyenye utepe mwekundu katikati ya uwanja. Tukawa tunavizunguka kwa reki kama vile ni makaburi.

Tulikata miti. Tulipaka rangi uzio. Tulishindilia udongo. Halafu, wiki ya ukaguzi, kona ikaanza kulowa kila asubuhi.

"Tusidanganyane," akasema Lucjan. "Dirisha la nani linatazama kona hii?"

Wote tukainua macho. Ghorofa ya tatu, pazia la kijani. Kwa Mama Radek.

Mwezi wa tano alisimama getini na kutuuliza, "Safari hii mnataka kumzika nani?" Tuliendelea kupiga reki. Lakini hakuna aliyesahau.

Basi mji ukamkalia kooni. Dukani, kijana wa nyuma yake kwenye foleni akapaza sauti, "Mama Radek, leo huchukui mpira wa maji? Ule wa zamani hautoshi?" Watu wakacheka. Kesho yake mtu akammwagia ndoo nzima ya maji mlangoni pake.

"Hiyo imezidi," nikamwambia Lucjan.

"Imezidi nini? Anatumaliza, dada. Ijumaa mkaguzi anakuja. Anaona tope, anafunga mkoba, anaondoka. Kalina wako atakwenda kupanda wapi? Kwenye maegesho ya maghala?"

Nikaamua kumaliza uzushi kwa macho yangu. Alfajiri nikaenda na chupa ya chai, nikakaa kwenye jukwaa la chini.

Jua halijatoka vizuri, nikamwona. Anapenya kwenye tundu la uzio, taratibu, na skafu yake nyeusi. Mkononi ana ndoo.

Nikaweka chupa chini kwa hasira. Nikashuka.

"Mama Radek! Simama hapo hapo!"

Hakushtuka. Akanitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri miaka yote.

"Grażyna. Umechelewa. Nishamaliza ndoo ya kwanza."

"Na huoni hata aibu! Vijana hawa nao unataka waanguke?"

Akainamisha ndoo ili nione ndani.

Mchanga. Mchanga mkavu, mweupe, uliochekechwa.

Nikautia vidole.

"Nyinyi mnashindilia juu," akasema. "Chini kunabaki uji. Jana mwanao kapita hapa na gurudumu likacheza. Niliona kutoka dirishani. Sikulala."

"Haya maji anamwaga nani?"

"Wewe si ndiye wa idara ya maji? Mimi mwaka wa pili tu baada ya Radek kufa niliyaona. Kiangazi, uwanja umefungwa, hakuna mtu, hakuna mpira, na kona imelowa. Nikaenda klabuni. Wakaniambia, mama, nenda kapumzike."

Nilisomea maji miaka mitatu na diploma yangu imetundikwa ofisini. Nimetafuta bomba lililopasuka chini ya barabara, chini ya shule, chini ya bwawa la bata. Lakini chini ya kona ya pili sikuwahi kutafuta. Kwa nini nitafute? Aliyemwaga alijulikana.

Nikaleta fimbo ya chuma ya kusikilizia, nikaichomeka ardhini, nikaweka sikio.

Ssssss.

Pale chini kulikuwa na bomba ambalo halikuwa kwenye ramani yetu yoyote. Limepasuka, linavuja.

Na hapo nikaelewa mengine. Watu wakilala, mabomba ya majumbani yanafungwa, presha inapanda, maji yanatokeza juu. Mchana watu wanapika na kuoga, presha inashuka, kona inakauka. Ndiyo maana ilikuwa inalowa asubuhi tu, tena baada ya sisi kukata miti iliyokuwa ikiyanywa.

Lakini siku ya Radek ilikuwa alasiri. Na alasiri ile mji mzima ulikuwa uwanjani. Hakuna aliyekuwa nyumbani kufungua bomba.

Baba yangu hakuzidisha chochote.

"Ulijua kuwa si yeye," nikamwambia Mama Radek. "Miaka yote hii ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza!"

"Nilimtemea mate mbele ya mji mzima, Grażyna. Unadhani maneno ya kurudisha mate yanapatikana wapi?"

Nilitaka kumpiga. Sisemi uongo. Nilichukua ndoo yake, nikamwaga mchanga, nikaondoka.

Jioni tukakutana kwenye banda la klabu. Nikawaeleza. Lucjan akasikiliza, akajikuna kidevu, akafunga mlango.

"Sikilizeni. Mkaguzi anakuja kesho saa nane mchana. Jua kali, presha iko chini, kona kavu. Tukaushe, tushindilie, apitishe. Bomba tutachimbua tukishapewa cheti."

"Na mazoezi ya kumwonyesha mkaguzi, atapanda nani?" nikauliza. "Wewe?"

"Mimi na mgongo huu?"

"Basi anayepanda ni wangu."

"Mzunguko mmoja tu, Grażyna! Mmoja!"

"Radek alikuwa kwenye mzunguko wa ngapi? Usinichezee."

Kalina akasimama. Macho yamejaa machozi. "Mama, ukichimba leo, uwanja umekwenda."

"Uende."

"Ni wangu! Ni kitu pekee nilichowahi kukitaka!"

"Na wewe ni kitu pekee nilicho nacho. Kaa chini."

Hakukaa. Alibamiza mlango hadi helmeti zikaanguka.

Asubuhi nikaja na katapila la idara. Sikumuomba mtu kura. Tukafunga maji ya mji mzima kwa muda, tukachimba. Mkaguzi alipofika, bwana mmoja msafi mwenye viatu vya ngozi, alisimama kwenye ukingo wa shimo akachungulia.

"Mama, mmeniitia njia au kaburi?"

"Bado hatujaamua," nikamjibu.

Akafunga mkoba wake. Kama Lucjan alivyotabiri.

Lucjan akanipita bila salamu. Kalina akahamia kwa rafiki yake. Dukani, walewale waliomcheka Mama Radek sasa wakawa wananicheka mimi: "Injinia, umetupatia bwawa la kuogelea?"

Nilibakiwa na kazi moja tu. Nilikwenda kwa baba.

"Vaa buti."

"Siendi kule."

"Baba, sijakuomba. Vaa."

Nilimshika mkono kupita getini kama anavyoshikwa mtoto siku ya kwanza ya shule. Akashuka shimoni mwenyewe. Akapitisha kiganja kwenye chuma chenye kutu hadi kikafika kwenye ufa, kikakaa hapo.

Sikuhitaji kueleza. Mtu aliyeishi na udongo na maji anasoma shimo haraka kuliko mimi ninavyosoma mita.

Nilipoinua kichwa, Mama Radek alikuwa ukingoni.

"Bogumił," akasema. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi cha pili."

Baba akafuta kutu kiganjani.

"Nilikuwa nikisikia bomba la jikoni linafunguliwa, natoka nje," akasema. "Hata wakati wa baridi kali. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo, mimi nimesimama kwenye theluji."

Mama Radek akamnyooshea mkono.

"Grażyna, nitoe huku," akasema baba. Akampita Mama Radek bila kumtazama.

Msinitegemee niseme walikumbatiana. Hawakukumbatiana.

Lakini jioni ile nilipompelekea chakula nilimkuta bustanini. Ameshika mpira. Maji yanatiririka kwenye nyanya, na yeye anayatazama tu, mashavu yamelowa.

Septemba, mnunuzi akaleta mainjinia wake kupima. Ndipo mambo yakageuka.

Lile bomba lilikuwa la zamani, la kabla ya vita kuu, lakini halikuwa limekufa. Lilikuwa linapeleka maji nusu ya mji. Juu ya bomba kuu hairuhusiwi kujenga, na kulihamisha ni kuchimbua mitaa mizima. Ghala huwezi kulisimamisha pale. Njia ya udongo, unaweza.

Mnunuzi aling'oa vigingi vyake mwenyewe.

Lucjan alikuja kwangu na keki ya plamu iliyooka vibaya. "Sisemi kitu," akasema.

"Vizuri. Kata keki."

Kalina alirudi nyumbani na begi lake la nguo chafu. Hakuomba msamaha, aliuliza kama supu imebaki. Ilikuwa imebaki.

Siku ya Watakatifu Wote mji mzima huenda makaburini na mishumaa. Miaka yote baba alikuwa anakwenda kwenye kaburi la Radek kesho yake, watu wakishaondoka. Mwaka huu alikwenda siku yenyewe, mchana, katikati ya watu wote. Mama Radek alimwona anakuja. Akasogeza maua yake pembeni, pakapatikana nafasi ya mshumaa mmoja.

Baba akauweka wake. Niliangalia kwingine.

Bomba tulilivalisha chuma kipya. Masika, mkaguzi alirudi na viatu vilevile, akakanyaga kona ya pili kwa kisigino, akakanyaga tena, akapitisha.

Jumapili ya kwanza jukwaa halikujaa hata nusu. Wengi bado wanaogopa, na siwalaumu. Kabla ya mbio, baba alitoka na mpira wa maji. Alipofika kona ya pili alisimama. Mama Radek alikuwa kwenye uzio, ndoo ya mchanga mkavu miguuni pake.

"Hapa nimwage?" akamuuliza.

Mama Radek aliinama chini ya uzio, akaingia, akakandamiza ardhi kwa kisigino.

"Kidogo," akasema.

Baba akamwaga kidogo.

Kisha kamba za kuanzia mbio zikaruka juu, binti yangu akailaza pikipiki kwenye kona ile, na nilishika chuma cha uzio hadi kiganja kikachubuka. Alipita. Kila Jumapili anapita, na kila Jumapili nachubuka. Sidhani kama itaisha.

Ninyi mnaosoma hii, sina mengi ya kuwafundisha. Mkikuta maji, chimbeni kwanza. Sisi tulitafuta mtu, tukampata siku hiyohiyo, na maji yakaendelea kutoka.