Nilimjibia Mwanangu

Mwanangu alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na mitatu. Mara ya kwanza tulikuwa Maparoni, shambani, tunaamia ndege wasile mpunga. Alikakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Baba yake ni mkata boriti na siku hiyo alikuwa mikokoni, kwa hiyo nilimshika peke yangu mpaka akatulia. Majirani wakasema ni shetani wa maji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sikutaka kusikia habari hizo. Nikampeleka kliniki, tabibu akasema ni kifafa, akamwandikia vidonge vya kumeza kila siku.

Tangu hapo kila mwezi tulipanda boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda mpaka kliniki. Nilikuwa na daftari. Humo niliandika siku alizoanguka, alikaa muda gani, alikuwa amekula nini. Tabibu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye foleni ndefu mlangoni, na lile daftari alilipenda. Aliniambia laiti wazazi wote wangekuwa kama mwalimu. Akiuliza anaendeleaje, nilijibu mimi. Anameza dawa? Anameza, asubuhi na jioni. Analala? Analala vizuri. Mwanangu alikaa kando yangu, mtandio ameuvuta hadi kidevuni, anatazama sakafu. Hakuna aliyemwuliza kitu, na mimi sikuona kwamba kuna kilichokosekana. Nilikuwa najivunia.

Alipofika kidato cha pili akawa anaanguka mara kwa mara. Akaacha pia kucheka. Akichekeshwa aliziba mdomo kwa kiganja, nami nikadhani ni haya ya usichana. Asubuhi moja alianguka akiwa ameshika sufuria ya uji. Uji ukamwagikia mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Ngozi ilitoka na kitambaa nilipojaribu kumvua gauni.

Kliniki tabibu aliuliza tena kama anameza. Nikasema, "Mimi mwenyewe nampa, daktari." Ilikuwa kweli kwamba nampa. Akaongeza vidonge.

Nilivyomwona na ule mkono uliofungwa bandeji, nikaingiwa na hofu ambayo haikunitoka tena. Nikaanza kumsimamia. Ameze mbele yangu, kisha afungue mdomo, ainue ulimi, nihakikishe. Alikuwa analia huku anafungua. Nikamwambia ni kwa faida yake. Kila siku, asubuhi na jioni, nilitazama mdomo wa mwanangu nikitafuta kidonge, na fizi zake sikuziona.

Wiki ya tatu alianza kupepesuka. Maneno yakawa mazito, macho yakawa yanachezacheza. Shuleni wakamrudisha nyumbani, wakasema amekunywa pombe. Siku iliyofuata hakuweza kusimama. Baba yake, mtu asiyesema mengi, alimbeba kifuani mpaka kwenye boti, na njia nzima alikuwa akiniuliza swali lilelile: umempa nini mtoto? Nilikuwa nimempa alichoandikiwa.

Hospitali kubwa walimlaza. Daktari wa wodi alikuwa mwanamke kijana, rika la mdogo wangu wa mwisho. Alisema dawa imezidi mwilini, akaisimamisha. Nikafungua daftari nianze kumsomea. Alisikiliza kidogo, kisha akamwinamia mwanangu na kumwuliza anajisikiaje. Nikajibu mimi. Akamwuliza tena, nikajibu tena, sijui hata nilikuwa na haraka ya nini.

"Samahani, mwalimu," akasema kwa upole. "Namwuliza yeye."

Siku ya tatu, ulimi wa mwanangu ulipokuwa umelainika, daktari aliniomba nitoke nje. Nikamwambia huyu bado mtoto, hajui kujieleza. Akasema atamsaidia. Nilikaa kwenye benchi la koridoni. Kupitia mlango nilisikia sauti ya mwanangu ikisema kwa kirefu, bila kukatika, sauti ambayo nyumbani sikuwa nimeisikia karibu mwaka mzima. Maneno sikuyapata. Nilitaka kuingia. Nilitaka pia kukimbia niende mbali na pale. Nikiwa nimekaa hivyo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba ugonjwa wote huu, ule mkono, yale macho, nimeusababisha mimi.

Waliponiita, daktari alimwambia mwanangu aseme lile alilokubali kulisema mbele yangu.

"Nilikuwa navitema, mama. Tangu mwaka jana. Nikitoka nje natema."

Nikamwuliza kwa nini. Akashusha mtandio aliozibia mdomo, akaonyesha meno. Fizi zilikuwa zimevimba hadi kufunika nusu ya meno, nyekundu kama nyama mbichi. Juu ya mdomo palikuwa na vinyweleo vyeusi. Daktari akaeleza kwamba dawa ile hufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Kwa kuwa tabibu aliambiwa anameza, akaongeza. Nilipoanza kumsimamia, akameza yote kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, pamoja na ile iliyoongezwa, na ikamzidi.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ulikuwa unajibu wewe. Darasani wananiita Papa, yule samaki, kwa ajili ya haya meno. Ningesema mbele yenu, wewe na tabibu, mngeniambia afya kwanza."

Ni kweli ningesema hivyo, maneno hayohayo.

Walimbadilishia dawa. Katika wiki za kubadilisha alianguka mara mbili, na mtihani wa kidato cha pili ukampita, ikabidi arudie mwaka. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri, anaandika polepole. Fizi zimepungua, hazijaisha. Nilirudi kwa yule tabibu wa kwanza nikamweleza. Aliniangalia, akasema hakuwahi kumsikia yule binti akisema hata neno moja.

Sasa siku ya kliniki, huko hospitali kubwa, nakaa nje. Daftari analiandika mwenyewe na silifungui. Niliwahi kumwuliza kwenye boti wanazungumza nini na daktari, akasema hayo ni ya kwake. Sikuuliza tena, ila nalala nayo na kuamka nayo.

Mwezi uliopita alianguka uani, na safari hii dawa alikuwa amemeza. Alipozinduka akaniambia twende hospitali kesho, atamweleza daktari mwenyewe. Tulikwenda. Aliingia, mlango ukafungwa, nikabaki kwenye benchi. Alitoka na karatasi mpya ya dawa, akaikunja, akaitia mkobani. Nilitembea nyuma yake hadi barabarani, nikimwangalia miguu, kama inakanyaga sawasawa.