Nikipika makaroni ya chizi, mama mkwe ananiita jina la marehemu

Admin, jina langu baki nalo wewe. Wakubwa zangu humu ndani shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nauza vitenge, naishi Lemara hapa Arusha na mume wangu pamoja na binti yake wa miaka tisa, nitamwita Neema. Mama yake mzazi, nitamwita Anaeli, alifariki kabla sijaijua familia hii. Sikuwahi kuwa mtu wa kuogopa marehemu. Niliolewa na mgane nikijua kabisa naingia kwenye jiko la mtu, na maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge.

Mambo yalianza na Neema. Siku moja aliniuliza, "Mama, wewe hujui yale makaroni ya kuoka?" Makaroni yangu mimi ni ya kuchemsha na nyanya, basi. Nikamwambia anielekeze. Akakumbuka maziwa, chizi ya kukwangua, chenga za mkate juu, na "kale kambegu kagumu mama alikuwa anakasugua mwishoni." Hako kambegu kalinitesa. Nilizunguka naye sokoni tukinusa viungo vya watu mpaka wauzaji wakaanza kutucheka, ndipo akanusa kungumanga na kusema ndiyo hii. Nilifurahi, jamani. Nilidhani nimepata njia ya kuingia moyoni mwa mtoto.

Jumapili iliyofuata tulipanda Nkoaranga kwa mama mkwe. Mama kumbukumbu zinamtoka, na kipindi kile alikuwa amegoma kula, ukimletea uji anabana midomo. Nikaona nipikie hukohuko. Nilikaanga unga kwenye siagi, nikamimina maziwa ya ng'ombe wake taratibu huku nakoroga, nikatia chizi na makaroni, nikasugua kungumanga. Oveni hakuna kule, kwa hiyo niliinjika sufuria kwenye makaa machache na mengine nikayapalia juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Harufu ilipoanza kutoka, mama akaita kutoka chumbani, "Anaeli, mbona leo umechelewa?"

Nilimpelekea sahani nikasema, "Shikamoo mama, mimi siyo Anaeli." Hakunisikia, alikuwa anakula. Alimaliza yote na kukwangua ule ukoko wa pembeni. Mume wangu alisimama mlangoni analia. Baadaye akaniambia, "Mke wangu, mwache tu akuite hivyo, mradi anakula." Nikakubali, kwani jina ni kitu gani? Basi kila Jumapili ikawa makaroni, na mimi kuanzia getini naitwa Anaeli. Kaburi lake lipo palepale nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na nikienda kuchota maji lazima nilipite. Nilianza kulipita nikiwa nimeinamisha uso.

Sasa sikieni. Jumapili moja mume wangu alikuwa nje anakata majani ya ng'ombe, nimebaki na mama namlisha. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Akasema, "Mwanangu, nisamehe. Ulikuja hapa umeshika tumbo nikakwambia ni uvivu, unakimbia kuchuma kahawa. Ukaniomba nimwite jirani mwenye gari nikakataa, nikasema wanawake wa siku hizi mnadeka. Nisamehe, nirudi mezani kwa Bwana."

Mume wangu amekuwa akiniambia mkewe aliugua ghafla na kufariki yeye akiwa kazini, porini anaongoza watalii, na kwamba hata mama hakujua anaumwa. Mpaka leo anajilaumu kwamba angekuwa nyumbani mkewe angekuwa hai. Halafu nikaelewa na lile lingine. Kwetu Walutheri tumefundishwa tangu kipaimara kwamba huendi Meza ya Bwana ukiwa hujapatana na mwenzako. Mchungaji amekuja kumpa mama chakula cha Bwana kitandani mara nyingi na mama anageukia ukutani. Wote tulisema ni uzee.

Tangu siku hiyo ananiomba msamaha kila nikienda, na mimi najifanya sijasikia, nabadilisha maneno, nauliza habari za ng'ombe. Jumapili iliyopita aliisukuma sahani. Akasema, "Kama hujanisamehe, chakula chako nitakilaje?" Mpaka sasa hajala cha maana, anakunywa maji tu. Wifi yangu anayekaa naye ananipigia akisema mama anadhoofika, nipande haraka na makaroni. Mume wangu naye ananiuliza nimemkosea nini mama yake. Nimeshindwa kumjibu, kwa sababu jibu lenyewe ndilo litakalomvunja.

Najua mtaniambia, sema tu "nimekusamehe," mama ale, mchungaji aje, yaishe. Ni maneno mepesi kweli, na nimeyafanyia mazoezi hapa jikoni. Lakini msamaha huo siyo wangu, mwenyewe amelala kwenye migomba na hakuulizwa. Na kuna jambo naona aibu hata kuliandika. Mama akinishika mkono na kuniomba, kifuani kwangu inapanda hasira nisiyojua imetoka wapi. Anaeli sikumjua, hata sauti yake sijawahi kuisikia. Ila nikifungua mdomo kumjibu mama, neno linalotaka kutoka ni "hapana."

Kesho asubuhi tunapanda, na mchungaji ameshaambiwa. Nishaurini ndugu zangu. Huyu mzee nimjibu nini, na nimjibu kama nani?