Jembe la Mama na Kura za Baba

Niliwahi kulificha jembe pekee la nyumbani chini ya majani ya ng'ombe, nikiamini nampigania baba. Nimelikumbuka juzi, mabango ya wagombea yakibandikwa hapa Maisaka, nami kama kawaida yangu nachungulia dirishani.

Baba alikuwa mbunge. Uchaguzi ule wa enzi za chama kimoja, alama yake kwenye karatasi ya kura ilikuwa Nyumba, mpinzani wake Jembe. Kwa akili yangu ya utotoni nikaelewa kwamba Jembe akishinda, nyumba yetu inabomolewa.

Baba alishindwa kwa kura chache. Alirudi mchana, koti likinuka vumbi na moshi wa lori, akakaa jikoni kwa mama. Nikawasubiri wabomoaji. Badala yake nikamsikia mama akicheka. Hakutakuwa tena na wageni wa kuomba sabuni na sukari, ambazo hata sisi hatukuwa nazo!

"Jembe liko wapi?" baba akauliza. Nikalichomoa kwenye majani. Akalipokea, akanipapasa kichwa.

Jirani yetu, Mama Paulina, alikuwa akitutazama juu ya ua.

"Pole, Baba Safari. Lakini mimi kura nilimpa mwenzako. Mkeo amelima peke yake vya kutosha."