Gunia la Vigae

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mfinyanzi anatoa chungu cha kwanza kwenye majivu ya tanuru. Anakigonga kwa kifundo cha kidole. Kinalia. Chungu kizima hulia. Chenye ufa husikika kama ubao.

Bado vyombo thelathini. Nyuma yake wifi yake, dada wa mumewe, anahesabu kwa sauti ya chini.

Ni mara ya tano kuwasha tanuru tangu wahamishwe. Mara nne za kwanza zilimwachia vyombo sabini na vitatu vyenye nyufa. Ameshasema hii nayo ikishindikana, anakwenda kugonga kokoto.

Kijiji chao cha zamani kiko chini ya maji ya bwawa la umeme. Wathamini wa fidia walipopita, fomu yao ilikuwa na sehemu ya nyumba, ya miti na ya makaburi. Shimo la udongo, lililochimbwa na vizazi vinne vya wanawake wa ukoo wa mumewe, halikuwa na sehemu. Mthamini alimweleza kwamba shimo ni shimo.

Siku ya lori alipakia gunia la vigae, vipande vya vyungu vilivyovunjika, kazi ya mikono ya marehemu mama mkwe wake. Wifi alimcheka mbele ya watu.

"Wifi, mfinyanzi hulia gaeni, hilo tunalijua. Lakini wewe unahama na magae kabisa!"

"Lori likizidiwa, shuka wewe," alijibu.

Udongo wa makazi mapya ni laini mno. Ukikauka hunywea na kupasuka. Alijaribu kuuchanganya na mchanga, akajaribu majivu. Wafinyanzi wenzake watatu waliacha kazi. Mwezi uliopita akakumbuka kwamba mama mkwe, akifinyanga vyungu vya sherehe, vile vikubwa, alikuwa akichanganya unga wa vigae. Akalifungua gunia. Akatwanga, akachekecha, akatia kipimo kimoja cha unga huo kwa vinne vya udongo.

"Shimo letu wamelizamisha," anasema, akiendelea kugonga. "Udongo wake ninao. Umo humu."

Gunia limekwisha. Halimnyimi usingizi: vile sabini na vitatu vimerundikwa nyuma ya nyumba, vinasubiri kinu.

Saa moja kasoro dakika tano anafika chombo cha mwisho, chungu kikubwa kuliko vyote. Anampa wifi akigonge mwenyewe. Wifi anagonga mara mbili. Kinalia mara mbili.

"Haya, wifi," anasema, akimrudishia chungu. "Umetushinda sisi, na bwawa lao."

Kufikia saa nne, wale wafinyanzi watatu walikuwa uani, kila mmoja na beseni la vigae vyake kichwani. Saa saba mchana wifi alipakua maharage yaliyopikwa katika chungu kile kikubwa. Mfinyanzi alipewa yake katika bakuli jipya la udongo, zima, akalia humo, hapohapo kando ya kinu.