Mtazamaji Aliyeuliza Walipo Wagonjwa

Ijumaa iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, mtu mmoja alinishika bega akaniambia, "Yule mama wa sinema ametutoka." Alikuwa ameanguka jikoni alfajiri, na hadi majirani wanafika, roho ilikuwa imeshaacha mwili. Tukamzika baada ya sala ya alasiri. Hakuwa jamaa yangu, na wasomaji wa safu hii hawakuwahi kumsikia, maana mwenyewe alinikataza kumwandika akiwa hai. Tulijuana miaka michache tu, na tulikutana mahali ambapo mtu hatarajii kumkuta mwanamke wa makamo, mzaliwa wa nyumba ya heshima: kwenye benchi la mbele la banda la video mtaani Shika Adabu, akitazama filamu ya vita.

Mimi nilikwenda pale kutafuta maoni ya watu. Kulikuwa na filamu iliyozungumzwa vijiweni kote: viumbe kutoka sayari nyingine wameshuka juu ya mji wa pwani, wameuzingira, na kikosi cha wanajeshi kinapigana ili kuwatoa raia. Nilitaka kujua kwa nini watu wenye dhiki zao za kweli hujifungia ndani, mchana wa joto, kutazama maangamizi ya kubuni. Kando yangu aliketi kibarua wa bandarini, kijana wa bara, ambaye tangu mwanzo alikuwa akiwapa wanajeshi ushauri kwa sauti. "Zunguka nyuma! Nyuma, buda!" Watu walicheka. Yule mama, buibui lake limetulia mabegani na mkoba mapajani, hakucheka. Alitazama kama mtu anayetafuta uso anaoujua katika umati.

Nje mvua ilianza, ikashika kasi. Mara tukasikia mlipuko juu ya vichwa vyetu, skrini ikazimika, na sauti ya mwenye banda ikatufikia kutoka nje: "Musitoke! Waya wa stima umeangukia bati! Musiguse kitu!" Banda lote lilikuwa la mabati, kuta na mlango pamoja, na maji yalikuwa yameshaanza kupenya chini ya mlango. Kibarua aliruka kuelekea mlangoni. Yule mama akamdaka shati. "Mwanangu, keti kitako. Ukiushika mlango huo tutakuzika leo." Kisha akatugeukia sote, akatuamrisha tupandishe miguu juu ya mabenchi. Tukatii. Gizani mtu mmoja alikuwa akisoma dua, mwengine akilia kwa kujizuia, na kila paa lilipotoa cheche, benchi zima lilitikisika kwa hofu zetu.

Nilihisi watu wako karibu kukurupuka. Naye nadhani alihisi, kwani alisema kwa sauti ya mtu aliye sebuleni kwake, "Haya, filamu yenyewe mwaionaje?" Kibarua akasema, "Ni noma, mathe. Yule kapteni ametoa mji mzima." Mwengine akapinga: majenerali walikuwa wajinga, wangewashambulia wale viumbe kabla hawajatua. Mabishano yakashika, na miguu ikabaki juu. Walipomuuliza yeye, alisema, "Mimi naiona ya urongo. Si hayo madude ya angani, hayo nayakubali. Lakini mji mzima watoka mbio, na sikuona mgonjwa hata mmoja. Hakuna aliyelala kitandani, asiyeweza kuinuka? Yuwapi? Na nani amebaki naye?"

"Si wangembeba," kibarua akasema.

"Nani angembeba?"

Kisha kijana akauliza polepole, "Mathe, uko na mtu nyumbani?" Akajibu, "Nina mume. Kiharusi kimempiga, hainuki. Na paa langu lavuja juu ya kitanda." Ndipo nilipoelewa kwamba, kati yetu sote tuliofungiwa mle, aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuukimbilia mlango ndiye aliyekuwa akituzuia. Nilimtazama mikono kwa mwanga wa cheche. Alikuwa ameukamata ubao wa benchi kwa nguvu zake zote.

Stima ilipokatwa na mwenye banda akatufungulia, alitoka mbio, viatu mkononi. Kibarua na mimi tukamfuata. Tulimkuta mumewe macho, maji yakimdondokea kifuani, shuka amelivuta hadi kidevuni kwa mkono mmoja uliosalia na nguvu. "Ulikuwa wapi?" akauliza, maneno yakimtoka kwa taabu. "Nilikuwa vitani," mkewe akajibu, akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Tukalisogeza kitanda, tukaondoka.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita kuwajulia hali. Aliniambia kwamba dada yake humpokea zamu mchana mmoja kwa juma, na dada akiwa na safari, kama siku ile ya mvua, huthubutu kumwacha mumewe peke yake na kuiba saa mbili. Nikamuuliza kwa nini azipoteze kwa filamu za vita. "Kule mji mzima umezingirwa," akasema. "Si mimi peke yangu." Akaongeza kwamba yeye anampenda mumewe, wallahi, ila amechoka, na neno hilo hana wa kumwambia. "Nikilisema wataniambia nivute subira."

Na kweli, matangani hilo ndilo neno lililosikika kuliko yote. Mwanamke wa subira! Kila aliyeingia alilileta, kama ubani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, na mtaa wetu ulikuwa umeutazama mzigo huo miaka mingi ukiuona mwepesi. Zamani nyumba zetu zilijaa shangazi na wapwa. Mgonjwa aligeuzwa na mikono mingi. Leo watoto wako ughaibuni, wapwa wako kazini, na mtu mmoja, aghalabu mwanamke, anabaki chumbani na mwenye kuugua mpaka wote wawili wanakuwa wafungwa wa kitanda kimoja.

Wakati kisomo kikiendelea, sauti ya mume ilitoka chumbani: "Sasa nani atanigeuza?" Wanaume waliokuwa barazani wakatazamana, kisha mmoja akasema yeye atakuja asubuhi, mwengine akachukua jioni, na jirani wa ukuta mmoja akasema usiku si taabu kwake. Zamu ikapangika kabla kahawa haijapoa vikombeni. Jambo hilo lingewezekana siku zote hizo.

Basi, msomaji wangu, bila shaka wamjua mtu kama yeye katika mtaa wako, iwe Mjambere au Port Reitz. Ukipita kwake, usimpe pole ya mlangoni wala usimsifu kwa subira. Vua viatu, uingie, uulize mgonjwa hugeuzwa vipi. Kisha umwambie mwenye kuuguza: toka ukatembee, mimi nipo.