Jiwe Nililomnyima Mama Okello

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na si ile niliyopokea diploma yangu nikiwa nimevaa joho jeusi, nikipigiwa makofi na wageni wasioweza kutamka jina langu. Hiyo nimeisimulia mara nyingi, na ukinipa nafasi nitaisimulia tena. Ya leo ni siku niliyoificha kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake sikuwa mtu mzuri.

Lakini kwanza unijue. Mimi ni Shikanga, mtoto wa mbeba mizigo wa reli. Nimezaliwa kwenye nyumba za reli pale Makongeni, chumba kimoja, watu saba. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilisugua vyoo vya hoteli ng'ambo miaka minne ili nijilipie masomo ya utalii, na nikarudi na cheti ambacho hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nacho. Hii ghorofa ninayokaa hapa Njiru niliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba. Nayasema haya bila kuona haya. Nimetoka mbali, na nimetoka kwa miguu yangu.

Niliporudi nilikuwa na miaka thelathini na minne, na nilikuwa na nia moja njema: kuwaonyesha watu wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, nchi yao. Watoto wa Kayole walikuwa wanaujua Mlima Kenya kwa picha ya kalenda ya duka. Walikuwa hawajawahi kusimama pale barabara inapofika ukingoni na Bonde la Ufa likafunguka chini yao. Wageni walikuwa wanapanda ndege na kuvuka bahari kuja kuona vitu ambavyo mtoto wa Mukuru angefika kwa basi akiwa bado na chapati ya moto mfukoni. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Kanisa letu la Kayole likanipa ukumbi kila Jumamosi. Nikaleta mashine yangu ya kuonyesha picha ukutani, niliyokuja nayo kwenye sanduku, nimeizungushia masweta matatu. Watoto wakajaa. Nikaanza kuwaeleza: mlima huu una mita kadhaa, ziwa hili lina kina kadhaa, ngome ile ya Mombasa ilijengwa na fulani. Nilikuwa najua, mwanangu. Nilikuwa najua sana.

Sasa, pale nyuma ya ukumbi alikuwa anakaa mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza njugu karanga langoni mwa kanisa. Tulimwita Mama Okello. Alikuwa mjane wa dereva wa garimoshi, amesoma hadi darasa la nne, asili yake ni Seme, kule mbele ya Kisumu. Watoto walimwita Shosh, yaani nyanya, hata wale ambao nyanya zao walikuwa Wakamba na Wasomali. Alikuwa anaingia kusubiri tumalize ili afagie.

Jumamosi moja stima ikapotea. Ukuta ukawa mtupu na watoto wakaanza makelele. Mimi nikahangaika na waya. Ndipo Mama Okello, bila kuinuka, akasema, "Nyamazeni niwaambie juu ya mzee aliyelipenda jiwe."

Wakanyamaza. Akawaeleza juu ya Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya kwao Seme yaliyopandiana kama kuna mtu aliyeyapanga kwa mkono. Zamani, alisema, kulikuwa na mzee aliyekuwa akiamka kila asubuhi na kwenda kukaa kwenye kivuli cha mawe yale hadi jioni. Mkewe akawa anamfuata na chakula. Majirani wakimuuliza bwana wako yuko wapi, anajibu, "Ameenda kwa mke wake wa kwanza." Ndiyo maana hadi leo linaitwa Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Mama Okello aliigiza sauti ya yule mke, akaigiza na majirani wambeya, watoto wakaanguka kwa kucheka.

Stima ikarudi. Picha yangu ya Mlima Kenya ikawaka ukutani, theluji na kila kitu. Msichana mmoja anaitwa Njeri akageuka akaniambia, "Mwalimu, zima hiyo kitu kwanza, Shosh hajamaliza."

Nikazima. Lakini kuna kitu kiliwaka kifuani mwangu siku hiyo, na hicho sikukizima.

Tangu hapo kila Jumamosi nikifungua mlango, swali la kwanza lilikuwa, "Niaje, mwalimu. Shosh amekuja?" Si mimi niliyetoka ng'ambo. Si mashine yangu. Muuza njugu! Nikawa nalala nikifikiria jambo hilo. Nikawa nasikiliza hadithi zake nikitafuta makosa. Akitaja mwaka, nakwenda kuangalia kwenye vitabu. Akikosea, nafurahi siku nzima. Wivu ni kazi ya kuchosha, mwanangu, na mimi niliifanya kwa bidii ile ile niliyosomea.

Kanisa likakubali tuwapeleke watoto safari ya siku tatu, nami nikapewa kuipanga. Asili ya kwetu ni Kakamega, kwa hiyo nikapendekeza Jiwe Linalolia la Ilesi, ambalo baba yangu alinionyesha nikiwa mdogo, na michirizi yake ya maji kama machozi. Mama Okello akaniangalia kwa huruma ya utani.

"Shikanga, jiwe lenu linalia tu, maskini. Letu limeolewa."

Ukumbi mzima ukacheka. Watoto wakapiga kura kwa mikono. Kit Mikayi.

Kisha akasimama, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Akasema mbele ya wote kwamba daktari amemwambia ana presha ya macho, na kwamba pembeni kumeshaingia giza. Kilichobaki ni katikati tu. "Naenda kuliona mara moja tena," akasema, "na kuwasimulia pale pale, mkiwa mmelishika. Baada ya hapo macho yaende yakitaka." Alikuwa ameshatuma ujumbe kwa wanawake wa kwao wanaowapokea wageni pale jiweni kwa nyimbo. Walikuwa wanamngoja.

Kwa hiyo usiseme sikujua. Nilijua.

Basi lilipangwa kuondoka langoni mwa kanisa Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri. Siku moja kabla nilimwendea Mama Okello, nikamwambia kwa sauti laini kabisa, "Mama, usitembee gizani na macho hayo. Wewe subiri Spine Road, pale stejini, saa moja. Tutapita tukuchukue."

Akanishika mkono. "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Saa moja tulikuwa tumeshapita Limuru. Watoto walipouliza, nikasema Shosh ameamka mgonjwa. Njeri akalia kidogo. Tulipofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mimi nikasimama mbele ya basi na kipaza sauti, nikawaeleza jinsi ardhi ilivyopasuka, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi hapakuwa na Mama Okello kule nyuma. Nilijisikia mfalme.

Tulilala Kisumu, na asubuhi tukafika jiweni. Wanawake wa Seme walikuwa wamejipanga, wakiimba. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akawa anaangalia kila mtoto anayeshuka, hadi mlango wa basi ukafungwa.

"Binti yetu yuko wapi?" akaniuliza.

"Ameshikwa na ugonjwa, mama."

Akageuka akawaambia wenzake. Nyimbo zikakatika. Halafu, mwanangu, wakapiga magoti pale chini ya mawe, wakamwombea Mama Okello apone. Waliomba kwa muda mrefu. Na mimi, niliyemwacha barabarani mzima wa afya, nilisimama katikati yao nikaitikia amina.

Siku nzima nilizungumza. Nikatoa vipimo, nikatoa aina ya mwamba. Lakini nilichokuwa nafanya hasa ni kuhesabu. Nani anasikiliza, nani anapiga miayo, nani amelitaja jina la Shosh. Mvulana mmoja akauliza, "Yule mzee alikuwa anakaa upande gani?" Nikamwambia hilo si swali la maana. Hakuuliza tena.

Tulipokuwa tunaondoka, yule mama wa kitambaa cha kijani akaniletea kifurushi cha samaki waliokaushwa, kimefungwa kwenye gazeti. "Mpe yeye mkononi. Wewe mwenyewe."

Ndivyo nilivyojikuta Jumapili jioni mlangoni kwa Mama Okello, harufu ya samaki ikinitangulia. Alikuwa ameketi kitandani, anachambua njugu kwa vidole.

"Karibu, Shikanga. Nilikaa pale stejini, kwa muuza viatu mmoja, hadi saa sita. Alinipa kiti. Mtu mzuri sana yule." Akapuliza maganda ya njugu. "Nikadhani mmepata ajali. Nikawaombea."

Nikaanza kudanganya kwamba dereva alibadilisha njia. Akanyanyua mkono.

"Wacha. Nimezaa watoto sita, najua sauti ya mtu anayetunga. Keti. Sasa niambie jiwe. Wewe umeliona."

"Lina urefu wa mita..."

"Sikuuliza urefu. Asubuhi, lile jua likilipiga ubavuni, lina rangi gani siku hizi?"

Nikaanza kulikunja upya gazeti la samaki.

"Ile miti iliyoota katikati ya mawe bado iko?"

"Nafikiri iko, mama."

"Unafikiri." Akaweka sinia la njugu chini. "Ukiingia kule ndani, kwenye pango wanakowasha mishumaa, ukuta ni baridi au una joto?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama pale tangu asubuhi hadi alasiri, na sikuwa nimeweka kiganja changu juu ya lile jiwe hata mara moja. Nilikuwa nimeangalia nyuso za watoto tu, kuona kama zinanipenda.

Mama Okello hakuinua sauti. "Shikanga, mimi umeninyima jiwe wewe. Na wewe je, ni nani amekunyima?"

Nililia, mwanangu. Mtu mzima, na diploma yangu, na samaki mapajani.

Nilimwahidi nitampeleka mimi mwenyewe mwezi unaofuata. Lakini mwezi uliofuata mvua zilikuwa nyingi, na uliokuja baada ya huo yeye alikuwa anaona mwanga wa dirisha tu. Nilipomwambia twende hivyo hivyo, akakataa. "Nikiligusa bila kuliona, nitakumbuka kuligusa. Mimi nataka nibaki na lile la utotoni." Hilo ndilo nililomnyang'anya, na halina malipo. Nimetafuta.

Nilichofanya ni kwenda peke yangu. Nilikaa Seme tangu macheo hadi machweo, siku mbili, bila kusema na mtu isipokuwa kuuliza. Niliona mwamba ukigeuka kutoka kijivu cha majivu hadi rangi ya mkate uliookwa vizuri. Niliona pimbi wakiota jua. Niliingia pangoni nikaweka shavu ukutani, na nikajua jibu. Nikarudi Kayole nikamweleza Mama Okello jioni tatu mfululizo, naye akawa ananisahihisha! "Hapana, huo mti hauko hapo, uko nyuma kidogo." Mtu asiyeona ananisahihisha mimi niliyetoka kuona jana. Na ukweli ni kwamba hata hapo nilimwonea wivu. Alikuwa na jiwe lile ndani yake, mimi nilikuwa na maelezo.

Jumamosi iliyofuata nilisimama ukumbini nikawaambia watoto nilichofanya. Nilitarajia wanisifu kwa ukweli wangu. Njeri aliinuka akauliza, "Kwa hivyo ulimwacha makusudi?" Nikasema ndiyo. Akachukua sweta lake akatoka, na wengine kumi na wawili wakamfuata. Wengi wao hawakurudi kwangu kamwe. Walikuwa na haki.

Sasa sikiliza, wewe uliyezaliwa hapa Eastlands, na pengine unasomea mambo haya haya niliyosomea mimi. Soma. Chukua cheti, kitundike ukutani, jisifu nacho. Mimi bado najisifu na changu. Lakini nchi hii haikuanza siku uliyofungua kitabu. Mlima, ziwa, misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, kuta za mawe za kule Migori, kila kimoja kina mtu anayekijua tangu utotoni, na mara nyingi mtu huyo anauza njugu langoni mwenu. Utakapomsikia akisimulia vizuri kuliko wewe, utasikia kitu kinakuchoma kifuani. Mimi kinanichoma hadi leo, na umri huu wote. Kikikuchoma, usitafute kosa lake. Muulize swali. Mpe kiti cha mbele ndani ya basi, chukua mkoba wake, kaa nyuma yake usikilize. Na ufanye hivyo sasa, akiwa bado anaona, akiwa bado anatembea, kwa sababu safari unayomwahirishia mzee hujui kama ni ya mwisho. Ukifika mahali pazuri katika nchi yako, kabla ya kusema neno lolote, paguse. Angalia mahali hapo, usiangalie anayekuangalia.

Mungu wa baba zetu akupe miguu ya kuifikia nchi hii yote, kuanzia Turkana hadi Lamu. Akupe masikio ya kuwasikia wanaoijua. Akuondolee moto ule niliobeba mimi, na usipoondoka, akupe nguvu ya kuunyima kuni. Na siku wewe utakapokuwa mzee na macho yako yanafifia, awepo kijana atakayekuja mlangoni kwako alfajiri ile ile aliyokuahidi, akubebee mkoba, na akufikishe.